Mlima Uko Wapi

Mama aliposikia nasomea usanifu kwa gemu
alitua tenga la nyanya, akanitazama.
"Ndeshi, ada ya muhula huu imetoka kikoba.
Wewe unakwenda chuoni kucheza?"
Kwetu Pasua gemu ni kibanda cha mabati,
mia tatu kwa mechi, na watoto waliotoroka shule.
Nikamwambia si mpira, ni majengo.
Akasema majengo hayachezewi.

Mwalimu Mbonea alituwekea kiwanja kitupu kwenye kioo.
Jengeni soko, alisema. Kisha ingieni, mtembee.
Humu hamna adui wa kupiga risasi.
Adui ni mlango mtakaouchora vibaya.

Lomayani alikwama ngazini siku ya kwanza,
mtu wake akitetemeka, hapandi, hashuki,
dari imemgota utosini.
Mwalimu akamwandikia kwa kalamu nyekundu:
umekufa kwa sentimeta kumi.

Mimi nilikuwa hodari.
Nilishusha kamera hadi kimo cha mtoto,
hadi kimo cha aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu,
nikapanua vyoo, nikainua paa,
nikapanda hata mijakaranda, yote imechanua.
Soko langu liling'aa kama jino la bandia.

Siku ya kuwasilisha, Mwalimu hakuita wakaguzi.
Alitaka kila mmoja wetu alete mtu anayeuza kitu.
Mama akaja na kitenge cha Jumapili,
vidole bado vina ukijani wa vikonyo vya nyanya.
Nikampa padi. Akaishika kama ashikavyo kifaranga,
asikibane, asikiachie.

Akaingia. Akagonga ukuta. Akauomba ukuta radhi.
Akageuka taratibu, mara moja, mara mbili,
kama mtu aliyeshushwa usiku mji asioujua.
"Mlima uko wapi?"
Mama, hii ni gemu, mlima haujawekwa.
"Sasa nitajuaje asubuhi inatokea wapi?"

Darasa likanyamaza, zikabaki feni za kompyuta.
Mwalimu akabonyeza, akauweka mlima unapokaa,
kaskazini, na theluji yake iliyobaki,
na soko langu lote likawa limekaa kombo.
Jua la saa nane likamwagika juu ya meza za nyanya.
Mfereji niliouchora kwa buluu, kwa madaha,
ulikuwa unapandisha maji kuelekea Kibo.
Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Mama hakujua kwamba nimefeli. Alikuwa anatembea.
"Hapa nitaweka beseni.
Hapa mvua ya Aprili itanibebea mafungu.
Mtoto atalala wapi, chini ya chuma hiki?
Na huyu wa dagaa, nani kamweka upepo unakotoka?"
Lomayani aliandika kila neno.
Daftari lilipojaa akahamia kiganjani.

Umeme ukakatika.
Kioo kikawa cheusi, na ndani ya weusi uso wake,
vidole vikiendelea kubonyeza.
"Ndeshi," akasema, "nimebaki sokoni."

Usiku nilimenya ndizi kwa mwanga wa simu.
Nilitaka kusema samahani, nilitaka kusema asante,
yote mawili yakakwama kooni,
hayapandi, hayashuki.
Yeye alifunga daftari la kikoba, akanyoosha miguu.
"Yule wa dagaa, umeshamhamisha?"
Bado, Mama. Umeme haujarudi.
"Ukirudi," akasema, akijifunika, "niamshe."